Kampuni ndogo ya vitabu, kubwa, au kuhariri kivyako?

Mswada_Mbichi: Wakuu habari zenu. Nina ofa mbili za uhariri, moja kampuni ndogo ya vitabu, wako wanne tu pamoja na bosi, nyingine kubwa ina idara kibao na mshahara uko juu kiasi ila nitakuwa nasoma prufu (kurasa za kukagua makosa kabla ya kuchapa) za vitabu vya shule tu. Halafu kuna rafiki ananiambia achana na zote, hariri kivyako nyumbani. Waliopitia huko nipeni ukweli.

KalamuNyekundu: Nenda ndogo. Mimi niko huko na "mhariri" ni jina la kwenye mkataba tu. Asubuhi unavutana na mwandishi asiyetaka sura yake ya 3 iguswe, mchana unahangaikia ISBN (ile namba ya kukitambulisha kitabu), jioni unapima upya mgongo wa kitabu maana msanifu keshachora jalada kwa kurasa 192 na nyie mmeongeza faharasa zimefika 208, mgongo umenenepa, jina la kitabu linaangukia pembeni. Na kwa nini 208 wakati maandishi yameishia 201? Sababu karatasi kubwa ikishachapwa inakunjwa, mara nyingi inatoa kurasa 16, kwa hiyo ukizidisha kidogo tu unalipia kurasa tupu. Kwenye kubwa hayo ni ya idara nyingine, wala huyasikii.

Mzee wa Stoo: Kalamu anasifia ila hela kaziruka hahaha. Mchapaji anataka chake mapema, duka linachukua vitabu kwa mali kauli, visipouzika vinarudi, tena vingine pembe zimechubuka huwezi kuviuza kama vipya, sasa hapo katikati mshahara wako unatoka wapi? Nimefanya sehemu moja (siitaji) mshahara ulikuwa unasubiri duka lilipe. Kabla hujasaini uliza wana vitabu gani vya zamani vinavyorudiwa kuchapwa, maana hivyo ndo vinalisha ofisi, vipya ni bahati nasibu. Kama hawana hata kimoja kimbia.

KalamuNyekundu: Mzee hapo sibishi. Ila siku hizi wadogo wengi wanachapa kidogokidogo kwa mashine za dijitali, nakala moja inakuwa ghali lakini stoo haijai.

DadaPrufu: Mimi niko kivyangu. Uhuru upo, ila muda mwingi unaenda kukumbushia invoisi, "tunalifanyia kazi dada" mpaka unachoka. Na bila kupitia ofisini kwanza nani atakupa mswada wake?

Jongoo: Jamani msidharau prufu za shule, jibu moja la hesabu likikosewa linaingia madarasa yote hayo na simu zitapigwa. Kubwa kuna likizo inayoeleweka, na bosi akiwa mkorofi unaomba kuhama idara. Kwenye watu wanne unahamia wapi, jikoni?

Mswada_Mbichi: Jongoo umeniua 😂 Nimewauliza wale wadogo, wana kamusi moja na hadithi mbili za watoto zinarudiwa karibu kila mwaka, na mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwenye mauzo, wanasema wanalipa mara mbili kwa mwaka. Naona roho inaenda huko.

Mzee wa Stoo: Kamusi ni nzuri hiyo. Ila wanasema wanalipa au wanalipa? Tafuta mwandishi wao mmoja umuulize pembeni kama mrabaha unafika, sio bosi. Kama wa waandishi unachelewa na mshahara wako utachelewa.