Janga likirudi na shule zikafungwa, watoto wasio na mtu watalishwa na nani?

Wakuu, naomba tulijadili hili sasa hivi tukiwa tumetulia, tusingoje taharuki.

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, shule zilifungwa. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wadogo zao wakasubiri hadi Juni 29. Kufunga sipingi. Ninachopinga ni kufunga bila kuuliza mtoto anayetegemea uji wa saa nne atakula wapi. Hapa Mbeya jibu tuliliona kwa macho. Pale Uyole vitoto vya darasa la nne, beseni la mayai ya kuchemsha kichwani, vikikimbizana na mabasi. Mabinti wengine walipelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na waliopata mimba hawakuwa na njia ya kurudi shule ya serikali mpaka Novemba 2021, msimamo ulipobadilishwa.

Msimamo wangu: serikali itenge fungu la dharura la watoto, na fungu hilo limfuate mtoto mwenyewe popote anapolala.

Najua kuna TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na kwa kaya nyingi imekuwa mkombozi. Ila TASAF huitambua kaya: mkutano wa kijiji, majina, uhakiki, ndipo mtu aingie. Janga halisubiri hayo. Mei 2020 Zambia ilipofunga kwa muda mpaka wa Nakonde, mama lishe wa Tunduma, upande wetu wa mpaka huo, aliyekuwa akiwauzia madereva wa malori alikosa wateja papo hapo. Wiki moja nyuma alikuwa anajitegemea, hayumo kwenye orodha yoyote. Na yatima akihamishiwa kwa shangazi yake, jina lake linabaki kwenye kaya aliyotoka.

Mtauliza orodha ya watoto hao itatoka wapi. Ipo tayari. Mwalimu mmoja wa huku kwetu alinionyesha kaunta buku la michango ya chakula shuleni: mahindi debe, maharage, tiki mbele ya kila aliyeleta. Pembeni ya majina kadhaa ameandika kwa kalamu nyekundu: bibi, bibi, kaka, bibi. Maana yake mtoto anaishi na huyo, asidaiwe, apewe chakula. Hakuna ofisi inayowajua watoto hawa kumshinda yule mwalimu. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Haikusema wajibu huo unasimama ugonjwa ukiingia.

Karibuni, mnaopinga mseme.

Mzee wa Kilolo: Mwanangu, umesema vizuri, ila unaisahau familia. UKIMWI ulivyotupiga Iringa na Njombe, nani alilea yatima? Shangazi, baba wadogo, bibi. Serikali ikianza kulipa, ndugu watakaa pembeni wakisema ni mtoto wa serikali. Halafu huku ni ghala la taifa. Mahindi yapo.

Mtoa mada: Shikamoo mzee wangu. Walilea, na ndio maana wamechoka. Bibi aliyezika watoto wake leo ana wajukuu watano na mgongo haushiki jembe. Kumwongezea nguvu hakumwondoi kwenye malezi. Kuhusu ghala la taifa, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, juu kuliko mkoa wowote Tanzania. Njombe ni 50.4. Mahindi yapo, mzee, lakini sahani ya mtoto haina kitu kingine. Hapo ni kabla janga jingine halijagusa chochote.

Mama Neema, Makambako: Mimi nalea watoto wawili wa marehemu dada yangu, nitasema ninachokijua. Pesa ikipita kwa mtendaji inapungua. Ikipita kwa mlezi mwenye roho mbaya, wananunuliwa viatu watoto wa kuzaa na yatima anaambulia kuosha vyombo. Unasema imfuate mtoto. Mtoto wa miaka saba atasaini wapi?

Kijana wa Mbozi: Naongezea. Afrika Kusini mwaka 2020 waliongeza ruzuku ya watoto, Mei randi 300 kwa kila mtoto, halafu Juni hadi Oktoba wakabadili, randi 500 kwa mlezi, awe na mtoto mmoja au watano. Sisi hela hiyo tutaitoa wapi?

Mtoa mada: Mbozi, wenzetu waliweza haraka kwa sababu daftari la watoto lilikuwepo tangu 1998. Hilo ndilo la kuiga kwanza. Na hela ikitafutwa hupatikana: mwaka 2021 mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ulileta mpango wa shilingi trilioni 1.3, madarasa 15,000 yakajengwa. Nayashukuru. Nataka siku nyingine mtoto awekwe kwenye hesabu hiyo mapema kama tofali.

Mama Neema, pole sana kwa msiba, na hongera kwa kuwalea. Swali lako ndilo zito kuliko yote. Kwangu mimi jiko la shule lisizimwe hata madarasa yakifungwa: wapikiwe, waje kwa zamu, kila mtoto ale pale pale kabla hajaondoka. Majina yasomwe mbele ya kamati ya shule, mtendaji asishike pesa. Ila mtoto anayezuiwa na mlezi asitoke nyumbani, huyo jiko halimfikii. Walimu na maafisa ustawi wa jamii mliomo humu, mlipokutana na mtoto wa namna hiyo mwaka 2020 mlifanyaje?