Kinundu cha milimita 7 kwenye pafu la baba, naye hana dalili yoyote

Mwana wa Kajulu (Kisumu):
Salamu kwenu nyote. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, alipigwa CT ya tumbo hapa Kisumu kwa sababu ya maumivu ya ubavu, na kama ilivyodhaniwa likaonekana jiwe kwenye figo. Jambo ambalo hatukulitarajia ni sentensi moja mwishoni mwa ripoti, kwamba sehemu ya chini ya pafu la kulia ina kinundu kigumu chenye kipenyo cha milimita 7. Hakohoi, hajapungua uzito, hatokwi na jasho usiku, na hupanda mlima wa kwetu kwa miguu bila kuhema. Daktari ameagiza CT ya kifua baada ya miezi 6. Dada yangu anashikilia kwamba kungoja ni uzembe na kinundu kichukuliwe sampuli mara moja. Mjomba naye anasema ni kifua kikuu, aanzishiwe dawa. Tulimpeleka eksirei wenyewe, ikatoka safi, na sasa hatujui tuamini picha ipi.

Tabibu wa Kakamega:
Poleni kwa wasiwasi huo. Picha hizo mbili hazipingani. Eksirei huonyesha kifua chote katika picha moja bapa, hivyo kitu cha milimita 7 hufichwa kwa urahisi na mbavu, moyo au kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu), ilhali CT hutoa vipande vyembamba kimoja baada ya kingine. CT ya tumbo nayo hunasa sehemu ya chini tu ya mapafu, ndiyo maana baba ameagiziwa ya kifua kizima.

Miezi 6 haikutolewa hewani. Kwa mwongozo wa 2017 wa Fleischner, jumuiya ya wataalamu wa picha za kifua, unaotumiwa na wataalamu wengi wa picha, kinundu kigumu cha milimita 6 hadi 8 hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12, na kikionekana kwenye CT isiyoonyesha mapafu yote, ya kifua hupangwa kati ya miezi 3 na 12 kulingana na hatari aliyo nayo mgonjwa. Kinachotafutwa ni ukuaji. Kutoka milimita 7 hadi 9 kunasikika kidogo, lakini ujazo unakuwa umezidi mara mbili. Tofauti iliyo chini ya milimita 2, kwa upande mwingine, inaweza kuwa ya upimaji tu. Mkirudia baada ya wiki tatu, mtalipia picha isiyojibu kitu. Mwambie dada kwamba kulenga kitu kidogo hivyo kwa sindano ni kazi ngumu, na sindano yenyewe inaweza kutoboa pafu hewa ikavuja.

Mwongozo huo hauwahusu wenye saratani tayari, wala wenye kinga dhaifu. Je, baba huvuta sigara? Amepimwa virusi vya Ukimwi? Amefanya kazi gani maishani?

Mwana wa Kajulu:
Asante sana, daktari. Sigara aliacha kabla sijazaliwa, na majibu ya virusi ni hasi. Ila kwa miaka mingi alisaga mawe ya dhahabu huko Ikolomani, na vumbi lilikuwa jingi. Hospitalini hakuna aliyemuuliza habari hiyo.

Mpiga Picha (Nakuru):
Basi hiyo ya Ikolomani ndiyo ya kumpelekea daktari wiki hii. Vumbi la mawe lenye silika huongeza hatari ya kifua kikuu na ya saratani ya mapafu pia, kwa hiyo huenda akaamua kuileta CT karibu zaidi, baada ya miezi 3 hivi. Mimi ningeileta.

Mjomba hajakosea kabisa. Kifua kikuu cha zamani huacha makovu yanayoonekana kama vinundu, na ugonjwa wenyewe unaweza kuwapo bila kikohozi, ndiyo maana uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu nchini Kenya uliokamilika 2016 ulitumia eksirei pamoja na maswali ya dalili. Lakini dawa za miezi 6 hazianzishwi kwa kukisia. Kama anaweza kutoa makohozi, yapimwe kwa GeneXpert (kipimo cha maabara cha vijidudu vya kifua kikuu), mkijua kwamba jibu hasi halimalizi shauri.

Ombeni picha zenyewe kwenye CD, wala si ripoti peke yake (ripoti huandikiwa daktari, lakini familia huisoma kama hukumu). Muulizeni mtaalamu kama kinundu kina chokaa, kwa kuwa kilichojaa chokaa chote au katikati kwa kawaida ni kovu. Kama baba aliwahi kupigwa CT popote, itafuteni hata kama ni ya zamani; kinundu kigumu kisichobadilika kwa miaka miwili kwa kawaida hakina madhara. CT ijayo iwe ya mionzi midogo na vipande vyembamba, na haihitaji dawa ya mshipani ya kung'arisha picha. Siku hiyo mkabidhini msomaji CD ya kwanza kabla hajaandika lolote. Kikohozi kikipita wiki mbili, au akitema damu, au akianza kukonda, nendeni bila kungoja tarehe.