Harusi 19 tangu Januari na bado nakopa nauli: naombeni ushauri, biashara ya video Dodoma

Lenzi_Ipagala
Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa wote shikamooni.

Nipo Ipagala hapa Dodoma, nafanya kazi za video na mdogo wangu. Tuna kamera mbili, taa tatu, laptopu moja na maiki mbili za kubana kwenye koti. Kazi hazijawahi kutukosa. Tangu Januari tumepiga harusi 19, ukiacha vipaimara na sendoff. Bei yangu ni 900,000 kwa kamera mbili. Nachukua 200,000 ya kushika tarehe, iliyobaki nalipwa video ikiisha.

Sasa nawadai wateja 7, jumla 3,650,000. Wawili hawapokei simu. Mmoja kaniambia hana tena haraka na hiyo video kwa sababu ndoa imeingia mgogoro. Kodi ya fremu inaisha mwezi ujao, na mdogo wangu hii ni wiki ya tatu sijampa kitu. Harusi moja inanikalisha kwenye laptopu siku nane au tisa, na bado Jumamosi nakopa nauli ya kwenda kupiga nyingine.

Jambo la pili linaniumiza kuliko madeni. Mwezi wa saba tulikuwa na sendoff Nkuhungu. Bibi wa binti aliletwa kutoka Mpwapwa, mzee sana, anatembea kwa kushikwa. Wamama wakaingia na ngoma, akaomba apewe muheme. Akaibana katikati ya magoti akaanza kupiga, ukumbi mzima ukasimama. Nilimsogelea mpaka nikawa naona vumbi likiruka juu ya ngozi ya ile ngoma kila mkono ukishuka. Nyumbani memori kadi ikagoma kusomeka. Kamera yangu ina nafasi mbili za kadi, mimi nilikuwa nimeweka moja. Programu za kurudisha mafaili nimejaribu tatu, zote zimeshindwa. Hela niliirudisha yote. Mama wa binti hakunigombeza, aliuliza tu kama hata kile kipande cha bibi hakipo.

La tatu, kuna taasisi imenipigia nirekodi warsha yao Mtumba, Alhamisi hadi Jumamosi wiki ijayo, 2,700,000 kwa LPO, ile hati ya kuagiza kazi, hela inakuja baadaye. Ni hela ambayo sijawahi kuishika kwa kazi moja. Lakini Jumamosi hiyohiyo nina harusi Kisasa na kianzio nimeshakula. Nifanyeje?

MamaPicha_AreaC
Marahaba mdogo wangu. Nipo kwenye kazi hii miaka 14, nilianza na kamera za kanda. Nikwambie kosa lako liko wapi, maana nililifanya miaka mitatu mfululizo.

Wewe unadhani mteja wako ni bwana harusi. Mteja wako ni kamati. Kamati ndiyo iliyokaa kikao, ikapanga bajeti, ikachangisha. Na kamati ina siku ya kufa, inaitwa vunja kamati. Wakishakula ile nyama na kushukuriana, hakuna mweka hazina tena, hakuna daftari, hakuna wa kumdai. Anabaki bwana harusi aliyetoka kulipia fungate na ana kodi ya nyumba mpya. Wewe unampelekea video baada ya mwezi unasubiri 700,000! Ataitoa wapi? Wengi wao wala si watu wabaya.

Kwa hiyo hela yako yote lazima iingie kamati ikiwa hai. Mimi nachukua nusu kushika tarehe, asilimia 40 kabla ya siku ya harusi, na 10 siku ya kukabidhi. Hiyo 10 ikipotea, hainiui.

Yote iwe kwenye karatasi: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kamera ngapi, video ya urefu gani, itatoka lini, na wanaruhusiwa kurekebisha mara ngapi. Hicho cha mwisho usikiache. Kuna familia ilinirudisha mezani mara sita kwa sababu ya shangazi kukatwa kwenye video.

Lenzi_Ipagala
Dada asante sana, sikuwahi kuliangalia hivyo. Hofu yangu ni hiyo nusu. Huku kwetu nikitamka 450,000 mbele wanakwenda kwa mwingine anayechukua laki moja.

Hazina_Nzuguni
Mimi si wa fani yenu, ila nimekuwa mweka hazina wa kamati tatu, naomba niseme ya upande wetu.

Dada hapo juu kasema kweli kuhusu vunja kamati, ila nusu ya mwanzo ni ngumu kwa kamati za mshahara wa kawaida. Miezi miwili kabla ya harusi daftari limejaa ahadi, hela yenyewe hamna. Michango inamiminika wiki mbili za mwisho, hasa baada ya mishahara kutoka. Na ikiingia ina foleni: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC. Video huwa ya mwisho, kwa sababu mwenye ukumbi anaweza kufunga mlango, nyie huwa mnakuja tu.

Ningekuwa wewe ningeomba 300,000 ya kushika tarehe, halafu 500,000 Jumatano ya wiki ya harusi, na 100,000 ya kukabidhi. Jumatano, siyo Ijumaa. Ijumaa hela yote imeshageuka kreti za soda. Na uje mwenyewe kwenye kikao utambulishwe, karatasi yako iingie kwenye faili. Wajumbe wakiniuliza mbona nimemlipa fulani kwanza, mwenye mkataba ndiye ninayeweza kumtetea.

MamaPicha_AreaC
Hapo kwenye Jumatano nakubaliana na wewe kabisa kaka. Nusu ni kwa sisi wenye wateja waliozoea.

Ankara_Mtumba
Kuhusu warsha, soma taratibu kabla hujafurahi.

Kwanza, LPO iwe mkononi ndiyo ubebe kamera. "Inashughulikiwa" siyo LPO. Pili, waulize kama umesajiliwa NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali ulioanza 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Kama hujasajiliwa na hauna TIN, leseni ya biashara na risiti ya EFD, itawawia vigumu kukulipa hata wakitaka. Tatu, kwa huduma wanakata kodi ya zuio asilimia 5, yaani 135,000, utapokea 2,565,000. Dai cheti cha zuio, kitakusaidia TRA.

Ukimaliza kazi, siku hiyohiyo peleka ankara pamoja na barua ya makabidhiano iliyosainiwa. Watu wanamaliza Jumamosi, ankara wanapeleka baada ya wiki tatu, halafu wanalalamika wamecheleweshwa. Pamoja na hayo, hesabu kwamba hela inaweza kukaa miezi miwili au mitatu. Mwaka wa serikali unafungwa Juni 30, kwa hiyo kazi za Septemba bado zina nafasi. Ingekuwa Juni katikati, ningekwambia ufikirie mara mbili.

Jiulize swali moja: posho za wasaidizi, nauli na chakula cha siku tatu utavitoa wapi? Kama jibu ni mikopo ya kausha damu, iache hiyo kazi. Riba itakula faida yote kabla LPO haijafika kwa mhasibu.

Na harusi ya Kisasa usiiguse, umekula kianzio cha watu. Waombe taasisi ratiba. Kawaida siku ya mwisho ya warsha ni maazimio na kufunga, kamera moja na mdogo wako vinatosha. Waambie mapema, iandikwe.

Sauti_Majengo
Nachangia upande wa vifaa tu. Nafasi ya pili ya kadi weka kadi leo, na kwenye menyu uchague kurekodi zote mbili kwa pamoja. Chaguo la "ikijaa hamia ya pili" halikulindi. Ukirudi usiku, kabla ya kuoga, nakili kwenye diski mbili tofauti, fungua faili la mwanzo, la katikati na la mwisho uone zinacheza. Kadi usiifute mpaka mteja achukue kazi.

Sauti ya mikisa ya DJ usiiamini peke yake. Inatoka na nguvu kubwa, ukiichomeka kwenye tundu la maiki inapasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki. Kwenye menyu ya kamera badili tundu liwe "line", na maiki moja iache inasikiliza ukumbi. Taa za ukumbi zikipiga mistari kwenye picha, weka shata 1/50, umeme wetu ni hezi 50.

Mkuu, kile kipande cha bibi umeshauliza kwenye kundi la WhatsApp la kamati? Ukumbi mzima ulisimama, haiwezekani hakuna aliyenyanyua simu.

Lenzi_Ipagala
Mrejesho wakuu.

Warsha nimeipata, LPO ninayo. Jumamosi mdogo wangu atakuwa Mtumba, mimi Kisasa, kamera ya pili nimekodi. Gharama za siku tatu nimezipata baada ya wadaiwa wawili kulipa sehemu. Niliwaambia video ipo tayari waje waione fremuni, wakaja na hela. Kamati ya Kisasa nimekwenda kikaoni jana, mweka hazina kakubali Jumatano.

Na lile la WhatsApp. Mama wa binti aliuliza kwenye kundi, leo asubuhi kanitumia. Binamu yao alirekodi sekunde 47, simu imelala, kichwa cha MC kinakatiza mara mbili. Lakini mikono ya bibi inaonekana yote na muheme inasikika vizuri. Nimekaa nayo tangu saa nne naisafisha. Jioni nampelekea Nkuhungu mwenyewe, kwenye flashi, na nakala nyingine ya kumpelekea bibi Mpwapwa.