Kwa nini hatua za wageni hufuata visigino vya aliye mbele?

Kiongozi_wa_Machame (Moshi):
Wakuu, heshima kwenu. Ninaongoza wageni Mlima Kilimanjaro, na kuna jambo nimeliona mara nyingi katika usiku wa kupanda kileleni. Tunaondoka kambi ya Barafu, iliyo takriban mita 4,600, usiku wa manane, kila mtu akiwa na tochi ya kichwani, na katika giza lile macho ya mgeni hayana pa kutua isipokuwa kwenye kiduara cha mwanga kinachoangukia viatu vya mtu aliye mbele yake. Haupiti muda mrefu, nikigeuka naona mguu wa kushoto wa huyu unanyanyuka pamoja na wa kushoto wa yule, ingawa hakuna aliyeagizwa, na ukiwauliza, kila mmoja atasema anatembea kwa mwendo wake. Hulingana kwa hatua kadhaa, huachana, kisha hulingana tena. Ni nini hasa kinachotokea, na je, kinaweza kumchosha ambaye mwendo wake si ule?

Mwalimu_Njiro (Arusha):
Mkuu, jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 1990 Richard Schmidt, Claudia Carello na Michael Turvey, watafiti wa Marekani, walieleza majaribio ambayo watu wawili walikaa wakipunga kila mmoja mguu wake huku wakitazamana. Walipotakiwa kupishana, huyu akienda mbele yule akirudi nyuma, waliweza mwendo ulipokuwa wa polepole. Ulipoongezwa kasi, mpangilio ulivurugika na miguu ikaishia kwenda pamoja. Hapakuwa na kilichowaunganisha zaidi ya macho.

Hao walikuwa wameagizwa kuratibu mienendo yao. Linalokuhusu zaidi ni jaribio la Michael Richardson na wenzake la mwaka 2007, ambamo watu walikaa wawili wawili kwenye viti vya kubembea, kila mmoja akitakiwa kubembea kwa mwendo anaoupenda. Waliotazama kiti cha mwenzao walielekea kulingana naye bila kukusudia. Huko kushikana na kuachana unakokuona ndiyo sura ya kawaida ya mvuto dhaifu: macho yanauvuta mwili kwa jirani, nao mwili unaurudia mwendo wake wenyewe.

Mgumu_Mstaafu (Moshi):
Kwa heshima zote, Mwalimu, mimi nisingekimbilia macho. Kutoka Barafu hadi Stella Point njia ni changarawe inayoteleza, na mpandaji mwenye akili hukanyaga pale alipokanyaga mwenzake. Isitoshe, viatu vinalia. Kwa ninavyofahamu, mtu anayegonga kidole kufuata mdundo hufanya vizuri zaidi akisikia mlio kuliko akiona taa inayowaka na kuzimika.

Mwalimu_Njiro (Arusha):
Hoja ya nyayo ni nzito na ninaikubali. Pale mlimani sababu hizo huenda pamoja, wala huwezi kuzitenganisha kwa kutazama tu. Kuhusu taa, ni kweli, ila kinachosogea ni habari nyingine: mtu akionyeshwa picha ya mpira unaodunda, pengo kati ya jicho na sikio hupungua sana. Kisigino kinachopanda na kushuka kiko karibu na mpira kuliko taa.

Tazameni pia mbio za mita 100 za Berlin mwaka 2009, Usain Bolt alipokimbia kwa sekunde 9.58 na Tyson Gay 9.71. Uchambuzi wa Manuel Varlet na Richardson, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba hatua zao zililingana kwa vipindi, ijapokuwa maumbile yao yanatofautiana na kila mmoja alikuwa kwenye mstari wake, hakanyagi nyayo za mwenzake.

Kuhusu uchovu: mvuto huu hushika pale mienendo ya watu wawili inapokaribiana, hivyo mgeni ambaye hatua zake ziko mbali kabisa na za aliye mbele hatanaswa sana. Wa kuangaliwa ni yule aliye karibu kulingana, anayejikuta akirefusha hatua kidogo kila mara.

Kiongozi_wa_Machame (Moshi):
Nashukuru, Mwalimu, nawe mzee wangu Mgumu. Mwenye miguu mifupi nitamweka nyuma yangu moja kwa moja na kufupisha hatua zangu. Kwa wengine nitajaribu kuacha nafasi kubwa zaidi, ili mwanga wa tochi uangukie njia badala ya visigino, na nyuma ya safu nitamweka msaidizi aangalie kama miguu bado inalingana.