Kioo cha mbele cha kuchomoa kwenye kruza: nichukue kipi?

kaskazi_kwetu
Assalaam alaykum jamani. Nataka kutia kioo cha mbele kwenye pikipiki yangu ya kruza (ile ndefu ya kukaa chini), ila kiwe cha kuchomoa, maana nikiwa mjini sikitaki. Nimeona njia tatu. Kuna SwitchBlade ya National Cycle, ya Marekani, inayopachikwa kwenye shokapu za mbele. Kuna vya Kichina vya kufunga kwenye usukani, rahisi sana. Na kuna fundi kaniambia atanikatia cha pleksi, ile plastiki angavu ya mabango, hapa hapa. Nina ndugu yangu yuko Dubai, anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo wiki hii lazima nimwambie anunue au asinunue. Kipi bora?

spana14
Waalaykum salaam. Bora kwa pikipiki ipi? Hukutaja aina, hukutaja unakwenda wapi, hukutaja hata kimo chako. SwitchBlade kioo kinauzwa peke yake na vishikizo vinauzwa peke yake, na vishikizo vinafuata pikipiki. Shokapu ya milimita 39 na ya 41 hazivai kishikizo kimoja. Ndugu yako akiingia dukani na neno "kioo cha kruza" tu, atauziwa kisichokuvaa. Chukua kalipa, kile kipimo cha unene cha mafundi, pima bomba la shokapu juu na chini ya taa, utuletee.

baba_munira
Mimi nauliza kwanza, cha nini? Unguja nzima kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 85 hivi. Januari na Februari, jua la kaskazi likiwaka, ule upepo wa kifuani ndiyo rehema uliyonayo barabarani. Ukiuziba utapikwa. Nunua vespa, ina ngao ya miguu toka kiwandani, mvua haikurushii matope, na kifua kinapata hewa.

kaskazi_kwetu
Samahanini, niliandika kwa haraka. Ni Yamaha DragStar 400, iliyotumika Japani. Shokapu nimepima, 41. Kimo futi 5 na inchi 9. Nakaa Mwanakwerekwe, kazi yangu Nungwi, narudi usiku. Baba Munira, heshima yako, lakini usiku joto si tatizo. Nikishapita Mahonda naanza kupigwa na wadudu usoni, na nikifika nyumbani kifua kimekaza. Asubuhi msimu wa kaskazi nakwenda dhidi ya upepo njia nzima.

spana14
Sasa tunaweza kusema. Nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo. Ukitoka 40 ukaenda 80, mwendo ni mara mbili lakini upepo unakusukuma mara nne. Ndiyo maana mjini huuoni na njia ya Nungwi unakuchosha. Kwa safari yako kioo kina maana. Chukua cha shokapu, cha polikaboneti, plastiki angavu isiyovunjika kirahisi. Usiguse pleksi.

tumbatu_juu
Tusidanganyane kuhusu cha shokapu na cha usukani. Vyote viwili vinageuka na usukani, vyote viwili upepo wa ubavu unavisukuma. Tofauti ni kwamba vishikizo vya usukani vinazunguka kwenye bomba vikilegea, na kioo kinalala. Nimefunga cha Kichina kwenye pikipiki yangu ya Avenger, nakaza kila nikikumbuka, na sijapata shida. Kwa pesa ya kimoja cha Marekani unapata vitano.

mtoto_wa_jambiani
Kuhusu pleksi naomba mnisikilize, hili limenipata mwenyewe. Nilikatiwa kioo na fundi wa mabango, kazi safi kwa macho, kingo zimepigwa msasa, kimepindwa kwa moto vizuri. Nikakaa nacho miezi, kila mtu anasifu. Mwezi wa Julai tukatoka kwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, mimi na mdogo wangu nyuma. Kusi ilikuwa imeamka. Toka Paje unakwenda kusini, upepo unakuja mbele na kushoto, kutoka baharini. Nikaona ufa mdogo kama unywele unatoka kwenye tundu la bolti ya chini. Nikapunguza mwendo. Kabla sijasimama ule ufa ukapanda mpaka juu, nusu ya kioo ikakatika ikanijia kifuani, ikapita shingoni, ikamkata mdogo wangu mkono. Akashonwa. Vipande vya pleksi vina makali ya kisu, wallahi.

Baadaye fundi mwengine akanionesha sababu. Tundu lilikuwa sawasawa na bolti, na bolti imekazwa chuma juu ya plastiki. Plastiki juani inatanuka kuliko chuma, na haikuwa na pa kwenda. Tundu lilitakiwa liwe kubwa kidogo, na raba pande zote mbili. Polikaboneti nayo itapasuka ukiikaza vibaya, lakini haivunjiki vipande vile. Kwa ajili ya yule mtoto aliyekaa nyuma nakuomba, mwambie fundi wako ahsante, na usikate.

bi_tunguu
Pole sana, na mdogo wako pole. Mimi nazungumza kwa niaba ya wanaokaa nyuma, maana hamtutaji. Mume wangu alitia kioo kirefu, yeye akawa raha mustarehe, mimi nyuma kichwa kikawa kinatikiswa njia nzima ya Jozani. Upepo unampita yeye juu unanishukia mimi. Alipokilaza kidogo kuja nyuma, ikapungua. Kaskazi, unapakia mtu?

kaskazi_kwetu
Mke wangu, Ijumaa na Jumapili. Ahsante dada, hilo sikulifikiria kabisa. Na urefu wa kioo napimaje?

spana14
Kaa kwenye siti kama unavyoendesha, umevaa helmeti yako. Mtu ashike boksi la kadibodi mbele ya taa, kwa mlalo wa kioo, na mlikate mpaka ncha ifike usawa wa pua. Lazima uone barabara juu ya kioo. Usitazame kupitia ndani yake, kwa sababu mvua ya masika usiku, taa za gari zikikujia, kioo kilicholowa kinawaka chote na huoni kitu. Kioo hakina waipa. Watu wananunua kirefu wakidhani ndiyo kinga zaidi, kumbe wanajiziba macho.

mpemba_wa_konde
Huku kwetu Pemba mambo mengine. Chake kwenda Wete milima na kona, mwendo wa kuhitaji kioo huupati. Lakini kwa wadudu niko nawe, njia ya Ngezi wakati wa magharibi huwezi kufungua mdomo. Mimi nimemaliza kwa helmeti ya kufunga uso wote. Kwa nini mtu anunue kioo wakati helmeti nzuri inafanya kazi ile ile na inakulinda ukianguka?

tumbatu_juu
Helmeti haizuii upepo wa kifua. Kasema kifua.

mpemba_wa_konde
Kasema na uso. Na kifua kuna jaketi. Nusu ya mnaobishana hapa mnapanda na helmeti ya nusu kichwa, kamba haijafungwa. Anzeni hapo.

baba_munira
Hapo Mpemba kasema kweli, na mimi namuunga mkono ingawa hana vespa.

kaskazi_kwetu
Helmeti yangu ni ya uso wazi, nakiri nayo inataka kubadilishwa. Swali jengine: nikichomoa kioo nakiweka wapi? Na nikikiacha kwenye pikipiki sokoni Darajani?

spana14
Hukiachi. Kinachotoka bila spana kwako kinatoka bila spana kwa mwizi. Vipo vishikizo vyenye kufuli, uliza. Nyumbani kizungushie taulo, mbali na jua. Kukiosha ni maji na sabuni laini. Wadudu waliokauka unawalowesha kwa kitambaa chenye maji mpaka walainike. Polikaboneti usiipitishie petroli wala dawa ya vioo yenye amonia, inaingia ukungu na kupasuka.

mtoto_wa_jambiani
Na bolti. Sisi wa pwani ya mashariki aluminiamu na chuma cha kawaida vikikutana na chumvi vinaliana haraka. Tia za stenlesi na upake grisi, la sivyo kitu cha kuchomoa kinakuwa hakichomoki.

tumbatu_juu
Stenlesi ya kweli mnapata wapi mjini? Nilizouziwa zimeota kutu kabla ya masika kwisha.

mtoto_wa_jambiani
Nenda nayo sumaku dukani. Ikinata kwa nguvu, wasiwasi.

spana14
Si kila stenlesi haishiki sumaku, angalia. Tafuta zilizoandikwa A4 kichwani, hizo ndizo za baharini. Mafundi wa boti wanazijua.

kaskazi_kwetu
Ndugu yangu kanipigia. Anasema duka aliloliona lina kioo cha SwitchBlade lakini vishikizo vya DragStar mpaka viagizwe, na yeye anaondoka mwisho wa mwezi. Nichukue kioo sasa, vishikizo vifuate? Au niache kioo, nimwagize helmeti ya uso mzima kwanza?

mpemba_wa_konde
Helmeti.

spana14
Vyote pamoja au usinunue. Nani atakuletea vishikizo peke yake?

bi_tunguu
Akija na helmeti aje nazo mbili. Mkeo hamumtaji tena.