Mjadala: Kocha kuwapandisha vijana mori kabla ya mchezo, ni msaada au ni kuwaharibia?

Mwalimu wa michezo, Arusha
Heshima kwenu wadau. Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukifika, utakuta vijana wamekusanywa nyuma ya jukwaa wanafokewa: "Mkifungwa leo mtanitambua!" Wengine wanalambwa na vibao kabisa, halafu tunaita hamasa. Mimi nasema ipigwe marufuku kwenye michezo ya shule, na sababu si huruma peke yake. Kitisho kinamwaga adrenalini, homoni ya kuupandisha mwili, moyo unaenda mbio, mabega na mapaja yanakakamaa, na macho yanabana. Winga anauona mpira tu. Mwenzake aliyesimama peke yake upande wa pili hamwoni. Wanasaikolojia Yerkes na Dodson walilionyesha kwa panya tangu 1908: kazi ngumu huharibika mapema msisimko ukizidi, kazi nyepesi huvumilia zaidi.

Kocha wa mitupo, Moshi
Mwalimu, umewapima wote kwa kibaba kimoja. Tufe la wanaume lina kilo 7.26 na tendo lenyewe linaisha ndani ya sekunde chache. Mtupaji akiingia kwenye duara amepoa, litadondoka jirani. Huyo anahitaji mori. Cha kuangalia ni saa ya kuuwasha: nusu dakika kabla ya kuitwa, si tangu kwenye basi. Ukiwahi sana nguvu zinaishia benchi. Ukipita kiasi utaona mkono unatangulia miguu, tufe linaruka chini chini, na yeye anajikuta amekanyaga nje ya ubao. Faulo.

Kocha wa mbio ndefu, Moshi
Kwenye mbio ndefu niko na Mwalimu. Kwa Kili Marathon, aliyejiandaa kukimbia kila kilomita kwa dakika 3:30, ukimjaza mzuka ataondoka na dakika 3:10 na ataona raha tu, maana adrenalini inaficha uchovu. Glaikojeni, akiba ya sukari mwilini, inaungua mapema, na ule mlima wa kuelekea Mweka unamkuta ghala tupu. Simbu wetu, alipotwaa marathon ya dunia pale Tokyo 2025, alivumilia mpaka hatua za mwisho: 2:09:48, muda uleule na Petros wa Ujerumani, tofauti sekunde 0.03. Mwenye jazba hawezi kusubiri namna hiyo.

Mdau, Karatu
Na Filbert Bayi je? Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch 1974, aliongoza tangu mlio wa bastola, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.16. Angesubiri?

Kocha wa mbio ndefu, Moshi
Mkuu, ule ulikuwa mpango wake wa kukimbia. Kutoka mbele kwa hesabu si sawa na kutoka mbele kwa sababu umefokewa.

Mtaalamu wa saikolojia ya michezo, Arusha
Naona mnachanganya mambo mawili: ukali wa mchezo na hasira. Beki anayeingia kwa nguvu kuchukua mpira yuko kazini. Anayeingia kumlipizia mtu ameshatoka mchezoni. Fainali ya Kombe la Dunia 2006, dakika ya 110, Zidane alimpiga Materazzi kichwa cha kifua, akala nyekundu, na penalti zikapigwa bila yeye. Ufaransa ikalala.

Wasiwasi nao uko wa aina mbili, na dawa zake ni tofauti. Wa mwilini ni tumbo kuvuruga, viganja kulowa, kwenda msalani kila saa. Mwambie avute pumzi puani kwa hesabu ya 4, aitoe mdomoni kwa hesabu ya 6, dakika mbili au tatu. Asiharakishe wala asivute kwa pupa, atapata kizunguzungu na vidole vitakufa ganzi. Wa kichwani ni "nikikosa je?" Huyo pumzi pekee haimtoshi, mpe kazi moja inayoonekana, mfano: "Kona zote, wewe mkabe namba 5 wao." Kumwambia "tulia!" hakumsaidii, hujamwambia afanye nini.

Hatari kubwa ni vyote viwili vikikutana. Hapo kiwango hakishuki taratibu, kinaporomoka ghafla. Ukimfokea tena mapumziko unamzamisha. Mtoe, apoe kabisa, ndipo umpandishe upya.

Mwalimu wa michezo, Arusha
Sasa kocha mwenye vijana 18 atajuaje nani apandishwe na nani ashushwe?

Mtaalamu wa saikolojia ya michezo, Arusha
Daftari, Mwalimu. Nusu saa kabla ya mechi kila mmoja ataje namba, 1 hadi 10, mwili wake umechemka kiasi gani. Baada ya mechi andika pembeni alivyocheza. Mechi nane hadi kumi zinatosha kuanza kuona eneo lake. Wapo wanaocheza vizuri wakiwa 4, wapo wa 8. Hanin, mwanasaikolojia wa michezo, alilisema hili zamani. Aulizwe faraghani, mbele ya wenzake watajitutumua wote.

Kocha wa mitupo, Moshi
Daftari nakubali. Marufuku bado naipinga: refa yuko kati ya uwanja, vibao vinatembea nyuma ya jukwaa. Nani atasimamia?

Mwalimu wa michezo, Arusha
Kamishna wa mchezo akae na timu dakika 20 za mwisho kabla ya kuingia. Kibao kimoja, kocha anaangalia mechi akiwa nje ya uzio.