Mvinyo mwekundu wa Reserva: ubora hutoka shambani au kwenye pipa?

Kizibo (mleta mada)
Ndugu wanajukwaa, nina chupa mbili za mvinyo mwekundu. Moja ni ya Rioja, Uhispania, na imeandikwa Reserva. Nyingine ni ya Marekani, nayo imeandikwa Reserve. Ile ya Rioja imehifadhiwa kwa miaka mingi, na nikiiinua kwenye mwanga naona mashapo meusi chini yake. Naomba kufahamishwa: hadhi hiyo hutokana na zabibu zenyewe au na muda wa kukaa ndani ya pipa? Na je, mashapo hayo ni dalili kwamba mvinyo umeharibika?

Shambani
Mleta mada, chupa zako mbili hazilingani kisheria. Katika Rioja, mvinyo mwekundu wa Reserva hukomazwa kwa jumla ya miezi isiyopungua 36, ambapo angalau 12 ni ndani ya mapipa ya mwaloni ya takriban lita 225 na angalau 6 ni ndani ya chupa, ilhali Gran Reserva, daraja lililo juu ya Reserva, huhitaji miezi 60. Sheria ya shirikisho ya Marekani haijaweka sharti kama hilo, kwa hiyo mtengenezaji huamua mwenyewe: wapo wanaoitumia hadhi hiyo kwa mapipa yao bora tu, na wapo wanaoibandika kwenye kila chupa.

Hata hivyo, sheria huhesabu miezi, haionji. Zabibu zisizo na asidi na tanini (ule ukakasi wa maganda na mbegu unaokaza ulimi) za kutosha zitachoka mapema, hata zikipewa pipa zuri namna gani. Ndiyo maana mkulima makini huondoa baadhi ya vichala kabla havijaiva ili vilivyobaki vikolee, kisha hutafuna mbegu na kuangalia kama zimegeuka kahawia na kupoteza ukakasi wa ubichi. Juisi ya zabibu nyingi nyeusi haina rangi. Wekundu wote umo kwenye maganda, ambayo wakati wa kuchachuka huelea juu na kufanya tabaka zito linalopaswa kuloweshwa mara kwa mara kwa mvinyo uliovutwa kutoka chini. Kwangu mimi, ubora huamuliwa hapo.

Pipa Kuukuu
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia kuhusu zabibu, lakini amelipunja pipa. Mwaloni hupitisha hewa kidogo sana, na hewa hiyo ndiyo inayolainisha tanini na kuiimarisha rangi. Sehemu ya mvinyo hupotea kwa kuvukizwa, hivyo mapipa huongezewa mvinyo mara kwa mara ili hewa isijae juu na kuleta uchachu wa siki. Mwaloni wa Marekani, uliozoeleka sana Rioja, hutoa harufu ya vanila na nazi, na ule wa Ufaransa kwa kawaida huwa mpole zaidi. Pipa jipya lisipotumiwa kwa kiasi humeza tunda lote, na hapo mtu hunywa mbao.

Mimina Taratibu
Mashapo hayo si ubovu. Tanini na chembe za rangi huungana kadiri miaka inavyopita, zikawa nzito na kuzama. Isimamishe chupa wima kwa siku nzima, fungua bila kuitikisa, kisha mimina polepole kwenye jagi huku taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa. Ukiona utepe mweusi unakaribia shingoni, acha.

Kizibo (mleta mada)
Nashukuru sana. Je, baada ya kuumimina niuache upate hewa kwa saa kadhaa?

Mimina Taratibu
Kama ni mkongwe, hapana, kwa kuwa harufu zake ni nyepesi na hutoweka upesi. Unywe mara moja, ukiwa na nyuzijoto 16 hadi 18. Ule wa Marekani, ikiwa bado ni mchanga na unakaza ulimi, unaweza kuuacha saa moja au mbili.